Sura ya Sita: Kubishana Bila Kuvunjiana Heshima

Wazazi wengi huuliza, na walimu nao huuliza ingawa kwa sauti ya chini: tukimzoeza mtoto kubishana, si tutakuwa tunamlea mjeuri?

Swali hili si la kupuuzwa. Katika nyumba nyingi za uwanda wa Makonde, kuanzia Newala na Tandahimba hadi unapoteremka kuelekea Masasi, mtoto hupimwa kwa namna anavyoitika. Akiitwa husema "abee" au "naam", akitumwa huondoka, akigombezwa hutazama chini. Aliyepitia jando au unyago amefunzwa kwamba mkubwa akisema, mdogo husikiliza. Kisha mtoto huyohuyo anaingia sekondari, anasimamishwa mbele ya wenzake na kuambiwa: haya, pinga. Si ajabu mzazi akaona shule inabomoa alichokijenga yeye.

Naamini kinyume chake. Mtoto asiyefundishwa kubishana hawi mpole. Huwa bubu mbele ya wakubwa na mgomvi mbele ya wenzake, na akishakuwa mkubwa mwenyewe hubaki na njia mbili tu za kukataa jambo: kununa au kupiga kelele. Anayefundishwa vizuri hupata njia ya tatu, na njia hiyo haipingani na adabu ya nyumbani. Heshima katika mjadala haimo kwenye "samahani" na "mheshimiwa" tunazozipanga mwanzoni mwa sentensi. Imo katika kazi moja ngumu: kuieleza hoja ya mwenzako kwa uaminifu, mpaka mwenyewe akisikia aseme, "Ndiyo, hicho ndicho nilichosema," ndipo uanze kuipinga.

Maneno tutakayoyatumia

Hoja ni dai likiwa pamoja na sababu yake. Mtu akisema "stakabadhi ghalani ni mbaya," ametoa dai tupu. Akisema "stakabadhi ghalani inamuumiza mkulima kwa sababu anasubiri malipo wakati mtoto anadaiwa sare ya shule," hapo ametoa hoja, nasi tunaweza kuipima. (Kwa msomaji asiye wa kusini: stakabadhi ghalani ni utaratibu ambao mkulima hupeleka korosho zake ghalani kupitia chama cha msingi, hupewa karatasi ya kuonyesha kilo zake, kisha husubiri ziuzwe kwa mnada ndipo alipwe.)

Mjadala ni mazungumzo yoyote ya kupima hoja. Mdahalo ni mjadala uliopangwa: una mada, pande mbili, mwenyekiti na muda maalumu. Wanafunzi wetu huuita dibeti, nami nitatumia neno hilo kila ninapozungumzia mdahalo wa shuleni kama ulivyo sasa.

Dibeti ya Ijumaa

Yeyote aliyesoma sekondari Tanzania anaijua. Madawati yanasogezwa, meza ya mwenyekiti inawekwa mbele, katibu anafungua daftari, mtunza muda anashika saa au kengele. Upande mmoja unatetea mada, mwingine unapinga. Msemaji mkuu anasimama na kumsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda, waamuzi, walimu na wanafunzi wenzake, na salamu hiyo peke yake inaweza kula robo ya muda wake. Baada ya wasemaji wakuu, wasikilizaji huruhusiwa kuchangia. Mwishoni hutangazwa mshindi.

Utaratibu huo ni mzuri. Humpa mtoto nafasi ya kusimama mbele za watu, na wapo viongozi wengi ambao miguu yao iliacha kutetemeka kwenye madarasa hayo. Lakini ukiusikiliza kwa makini utaona kasoro tatu.

Ya kwanza ni mada. Elimu ni bora kuliko fedha. Mwalimu ni bora kuliko daktari. Maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Mada hizi wamezijadili wazazi wa wanafunzi wa leo, na hoja zake zinarithishwa kutoka kidato hadi kidato. Hakuna anayebadili mawazo kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwaza. Hakuna anayeumia wala anayefaidika upande wowote ukishinda. Mtoto hujifunza kwamba kubishana ni kukariri.

Ya pili ni lugha. Karibu shule zote za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa Kitangari, wilayani Newala, ambaye nyumbani kwao huzungumza Kimakonde, Kiingereza ni lugha ya tatu. Tunamwambia afikiri haraka, amsikilize mpinzani, apime sababu, ajibu kwa adabu, na hayo yote ayafanye katika lugha ambayo bado anatafuta vitenzi vyake. Anachofanya ni kukimbilia sentensi alizozihifadhi. Akikosea, darasa zima hucheka, naye hakai tena na hoja, anakaa na aibu. Najua walimu wanatumia dibeti kuwazoeza wanafunzi Kiingereza, na lengo hilo lina maana yake. Lakini anayejifunza mambo mawili magumu kwa mpigo mara nyingi hakamati hata moja. Mzunguko wa kwanza wa mada yoyote ufanywe kwa Kiswahili, hoja zikishakomaa ndipo warudie kwa Kiingereza. Kiingereza chenyewe kitakuwa bora, maana mwanafunzi atakuwa na kitu cha kusema.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: mshindi hupatikana kwa shangwe. Anayemkejeli mpinzani hupigiwa makofi. Anayesema, "Mwenzangu ana ukweli katika jambo hili, ila…" huzomewa na upande wake mwenyewe kana kwamba amewasaliti. Hapo ndipo yule mzazi mwenye wasiwasi anapokuwa sahihi kabisa. Dibeti ya namna hiyo inafundisha ujeuri.

Tulichokuwa nacho tayari

Watu hudhani kubishana kwa utaratibu kumeletwa na wamisionari na serikali ya kikoloni pamoja na chaki na kengele. Si kweli. Tazama vitendawili. Mtegaji hutoa changamoto, wengine hupewa nafasi ya kujaribu mmoja baada ya mwingine, na wakishindwa mtegaji hudai mji. Wanampa mji, anautembelea kwa maneno, kisha anatoa jibu. Watoto wa miaka sita wanajua kushindwa bila kulia na kushinda bila kumtukana aliyeshindwa, kwa sababu mchezo wenyewe umeweka namna ya kukiri: toa mji, pata jibu, tuendelee. Dibeti zetu hazina mlango huo. Mwanafunzi aliyegundua katikati ya mdahalo kwamba upande wake umekosea hana pa kupitia.

Kuna utani pia. Babu na mjukuu, shemeji na shemeji, kabila na kabila lenye utani nalo, huambiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema pangezuka ugomvi. Yanavumilika kwa sababu uhusiano umetangulia maneno. Kila mmoja anajua kwamba kesho, kwenye msiba, mtani wake atakuwa wa kwanza kufika. Mwalimu anayetaka darasa libishane kwa ukali usio na uadui aanze na hilo: wanafunzi wafahamiane na kuaminiana kwanza.

Na kuna ngonjera. Huu ni utungo wa kujibizana ambao Mathias Mnyampala, mshairi mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, aliukuza na kuusambaza katika miaka ya sitini. Watu wawili au zaidi hupokezana beti, mmoja akitetea jambo na mwingine akilipinga. Shule zikaupokea kwa mikono miwili, na hadi leo hakuna sherehe ya mahafali isiyo na ngonjera. Uzuri wake ni kwamba kila upande lazima usubiri mwingine amalize, kisha ujibu kile hasa kilichosemwa. Vina na mizani haviruhusu kudakiana maneno.

Lakini ngonjera ina udhaifu mmoja ambao tumeurithi bila kuukagua. Mwisho wake unajulikana kabla ya mwanzo. Yupo mjinga na yupo mjuzi. Mjinga huuliza, mjuzi hueleza, na ubeti wa mwisho mjinga huomba radhi na kuafiki. Ilifaa wakati taifa changa lilipotaka kueneza ujumbe wa kujitegemea na ujamaa, na Mnyampala alifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Haitoshi kumfundisha kijana namna ya kukutana na mtu ambaye huenda yeye ndiye aliye sahihi.

*Kwa ufupi:* kupokezana zamu tunako, kushindwa bila fedheha tunako, maneno makali yasiyovunja udugu tunayo. Tusichokuwa nacho shuleni ni mjadala ambao mwisho wake haujapangwa.

Gesi ya Mtwara

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya shule, yabaki shuleni. Watu wa Mtwara na Masasi wanajua hayabaki.

Mwaka 2012 serikali ilianza ujenzi wa bomba la kusafirisha gesi asilia kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Tarehe 27 Desemba mwaka huo wananchi waliandamana Mtwara mjini kupinga. Januari 2013 vurugu zililipuka Masasi, majengo na magari yakachomwa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alikwenda Mtwara kuzungumza na wananchi, hali ikatulia. Mei 2013, siku bajeti ya nishati iliposomwa bungeni, Mtwara ikawaka tena. Watu walipoteza maisha, na wanajeshi wakapelekwa mitaani.

Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Nataka tuzitazame hoja zenyewe, maana zilikuwepo na zilikuwa nzito.

Waliopinga hawakuwa wakizungumzia bomba peke yake. Nyuma yao kulikuwa na historia ndefu. Reli ya kusini iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kwa miongo mingi mvua zikinyesha, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika na kusini ikawa kisiwa. Daraja la Rufiji, lenye jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, lilifunguliwa mwaka 2003, miaka zaidi ya arobaini baada ya uhuru. Mtu aliyekulia katika historia hiyo akisikia utajiri uliopatikana kwake unaondoka kwa bomba, hahitaji mchochezi ili ahoji.

Waliotetea bomba nao walikuwa na lao. Watumiaji wakubwa wa umeme na viwanda vingi vilikuwa Dar es Salaam. Nchi ilikuwa inatumia fedha nyingi kununua mafuta ya kuendeshea mitambo. Maliasili ni ya taifa zima, na mkoa mmoja ukizuia ya kwake, mwingine utazuia ya kwake pia: dhahabu, maji, makaa ya mawe.

Hoja hizi mbili zingeweza kukaa meza moja. Badala yake kila upande ulipewa jina. Wa huku wakaitwa wachochezi, wa kule wakaitwa wezi. Mtu akishaitwa mwizi hana haja ya kukueleza sababu zake, na ukishamwita mchochezi huna haja ya kuzisikiliza zake.

Wanafunzi walioko kidato cha tatu na cha nne leo walikuwa watoto wadogo wakati ule. Wengi wamesikia hadithi ya upande mmoja, ule wa nyumbani kwao. Mimi ningewapa mada hiyo, ningewapa ukweli wa tarehe na matukio, kisha ningewaambia: aliyelelewa akiamini bomba lilikuwa dhuluma, atetee serikali, na aliyelelewa akiamini maandamano yalikuwa vurugu tu, asimame badala ya waandamanaji. Lazima mwalimu awe mwangalifu. Kama darasani yumo mtoto aliyepoteza ndugu, mada hiyo iahirishwe, kwa maana jeraha la mtu halifanyiwi mazoezi.

Korosho ubaoni

Hatuna haja ya kuanza na jambo zito hivyo. Anza na korosho, kwa sababu Kitangari hakuna mtoto asiye na maoni juu ya korosho. Andika ubaoni mada hii:

*Mkulima aachwe auze korosho zake kwa amtakaye na wakati autakao.*

Mada hii ina watu halisi pande zote mbili. Stakabadhi ghalani ilianza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkoani Mtwara. Kabla yake mkulima alikutana na mnunuzi peke yake, na mwenye fedha ndiye aliyepanga bei. Mnada uliwakutanisha wanunuzi na kuwafanya washindane. Lakini mkulima mwenye msiba au mgonjwa hawezi kusubiri, ndiyo maana kangomba, ununuzi wa kificho kwa kipimo cha bakuli na bei ya kutupa, haujafa. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei za mnadani. Novemba, Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wapo walioshukuru bei hiyo, wapo waliolalamika kwamba malipo yalichelewa mno. Msimu wa 2024, minada ikiendeshwa kwa mtandao wa kompyuta, bei ilivuka shilingi 4,000. Wanafunzi wana vielelezo nyumbani kwao, kwenye daftari la baba na kwenye stakabadhi za chama cha msingi, ambacho wengi wanakiita AMCOS.

Sasa msikilize mwanafunzi akijibu kwa mtindo wa zamani:

"Mzungumzaji aliyepita hajui anachosema. Kwao wananunua kangomba, ndiyo maana anaitetea!"

Darasa litalipuka kwa makofi. Mwalimu asimamishe mdahalo hapohapo, bila hasira, aulize darasa: hoja gani imejibiwa? Watatafuta na hawataiona. Kisha amwombe mwanafunzi yuleyule aanze upya kwa utaratibu ninaouita *rudisha kwanza*:

"Mwenzangu amesema mkulima mwenye mgonjwa leo hawezi kusubiri mnada wa wiki ijayo. Kama sijamwelewa, anisahihishe. Nakubali shida hiyo ipo. Lakini kangomba haimwondolei shida, inamhamishia mwezi ujao, kwa sababu kwa bakuli lile anapoteza kilo nyingi kuliko anazolipwa. Afadhali chama cha msingi kiwe na mfuko wa dharura."

Tazama kilichotokea. Hakuna neno la unyenyekevu lililoongezwa kwa ajili ya urembo. Hoja ya mpinzani imerudishwa ikiwa nzima, ukweli uliomo umekubaliwa, upingaji umeelekezwa mahali pake, na limezaliwa pendekezo ambalo halikuwepo upande wowote. Hilo pendekezo la mfuko ndilo ninalomaanisha ninaposema mjadala wa kujenga. Mara nyingi faida kubwa ya mdahalo ni wazo la tatu.

Darasa lenye wanafunzi wengi haliwezi kumpa kila mmoja zamu mbele. Wagawe watatu watatu. Wawili wabishane kwa dakika tano, wa tatu awe msikilizaji, kazi yake ikiwa moja: kumzuia yeyote anayejibu kabla ya kurudisha. Kisha wabadilishane nafasi. Ndani ya kipindi kimoja kila mtoto atakuwa ametetea, amepinga na amesikiliza. Katika nafasi hizo tatu, ya msikilizaji ndiyo hubadilisha watoto zaidi, kwa kuwa ndiyo ya kwanza maishani mwao inayowapa mamlaka kwa sababu wamekaa kimya.

Masharti machache yabandikwe ukutani:

- Jibu kilichosemwa, aliyesema mwache.
- Kabila, dini, ukoo, umaskini na kasoro za mwili havitajwi kamwe.
- Ukisema "watu wote" au "siku zote", uwe tayari kuulizwa ushahidi.
- Kusema "hapo umenishawishi" huongezewa alama, hakupunguziwi.

Sharti la mwisho ndilo mji wa vitendawili. Bila alama hizo hakuna mwanafunzi atakayelitekeleza.

Wakizoea, wahamishe upande. Hakuna zoezi bora kwa hili kuliko mpira. Mchukue shabiki wa Simba aliyekubuhu, umwambie aeleze kwa nini Yanga walistahili ushindi katika mechi ya watani iliyopita, na shabiki wa Yanga ndiye atoe alama. Mwanzoni atacheka, atakataa, atasema anaumwa kichwa. Akishaanza, atagundua anaijua hoja ya upande wa pili vizuri kuliko alivyokuwa tayari kukubali.

Mshindi apatikane vipi?

Msihesabu mikono, na msipime makofi. Historia yetu ina mfano mkubwa wa kwa nini.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikusanye maoni ya wananchi: Tanzania iendelee na chama kimoja au iingie mfumo wa vyama vingi? Karibu watu wanane kati ya kumi waliotoa maoni walitaka chama kimoja. Ingekuwa dibeti ya shule, shangwe zingemaliza kazi. Tume haikuishia kwenye hesabu. Ilitazama sababu zilizotolewa, ikaona kwamba wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka pia kifanyiwe marekebisho makubwa, na kwamba wachache waliotaka mabadiliko walikuwa na hoja zisizoweza kuwekwa kando. Ikapendekeza vyama vingi. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Mtu anaweza kubisha kama tume ilikuwa na haki kwenda kinyume na wengi, na hiyo yenyewe ni mada nzuri kwa kidato cha sita. Ninachokichukua mimi ni kwamba wingi wa sauti na uzito wa sababu ni mambo mawili. Waamuzi wa mdahalo wa shule watoe alama kwa kurudisha hoja kwa uaminifu, kwa ushahidi, na kwa kujibu swali lililoulizwa. Ufasaha uwe na alama zake, lakini uwe wa mwisho kwenye karatasi.

Mwalimu akipingwa

Yote haya hufa siku mwanafunzi anapomwambia mwalimu, "Samahani mwalimu, naona tofauti," na mwalimu akamjibu, "Unanibishia mimi?" Darasa zima litakuwa limejifunza, kwa dakika moja, kwamba masharti ya ukutani ni ya watoto tu.

Ndiyo sababu ninaweka matumaini makubwa kwenye vyuo vya ualimu. Kitangari ina chuo cha ualimu cha serikali, na wanaosoma pale watasambaa kufundisha katika shule nyingi, za uwandani na za mbali. Mwalimu tarajali anafundishwa kuandaa andalio la somo, kutengeneza zana, kutunga mtihani. Afundishwe pia, kwa mazoezi, kupingwa. Wenzake wajifanye wanafunzi, wampinge mara kwa adabu na mara bila adabu, naye ajifunze kutofautisha. Anayepinga kwa adabu ajibiwe kwa sababu. Asiye na adabu arekebishwe adabu, kisha hoja yake ijibiwe vilevile. Kuyachanganya mambo hayo mawili, kumwadhibu mtoto kwa hoja yake kwa kisingizio cha sauti yake, ndiko kunakowafanya watoto werevu wanyamaze hadi wamalize shule.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, unataka mwanafunzi ajenge ujuzi na umahiri, na umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo hilo ni uwanja wazi. Haliwezi kufundishwa vizuri kwa imla.

Tukirudi nyumbani

Na yule mzazi aliyeogopa kulea mjeuri? Chukua mfano huu. Kijana wa kidato cha tatu anafika kwa mjomba wake, ambaye katika ukoo wa Kimakonde ana sauti juu yake hata kuliko baba. Anamkuta akipima korosho kwa ajili ya mnunuzi wa kangomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Njoo ushike gunia."

"Nakuja, mjomba. Naomba kuuliza kabla hatujapima. Nimesikia unahitaji fedha ya arobaini ya bibi kesho, na mnada bado. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi fedha ya arobaini tusiikose. Lakini hatuwezi kuchukua mkopo mdogo kwa mzee wa chama, korosho zikaenda ghalani? Kwa bakuli la huyu bwana tutapoteza nyingi."

Mjomba anaweza kusema, "Umenena, tukamwone." Anaweza pia kusema, "Nimeshampa neno langu." Kijana atasema, "Sawa mjomba," na atashika gunia. Hajavunja heshima ya mtu. Amesema alichokiona, mwenye kuamua ameamua, na mara nyingine mjomba huenda akamuuliza yeye kwanza.

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 kwa mamlaka za wilaya, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo huidhinishwa ugawaji wa ardhi, husomwa mapato na matumizi, huulizwa kwa nini maji yanayosukumwa kutoka visima vya Mitema hayajafika kitongoji fulani. Mwanafunzi wako wa kidato cha nne, mwalimu, amebakiza mwaka mmoja au miwili kabla ya kukaa kwenye mkutano huo. Ijumaa hii iache elimu na fedha zipumzike. Andika korosho ubaoni, wagawe watatu watatu, na asijibu mtu kabla ya kurudisha.